Kabla ya kumwita fundi, uliza nyumba ni ya nani

Nyumba nyingi za Morogoro mjini hazijaisha kujengwa. Zilianza na vyumba viwili na sebule, likaongezwa jiko, kikaja choo cha ndani, kisha chumba cha uani cha kupangisha wanafunzi wa SUA. Kila chumba kina sababu yake: harusi, mtoto wa nne, shemeji aliyepata kazi mjini. Na vingi vilianza kwa mtindo mmoja. Baba anamwita fundi jioni, fundi anapima kwa hatua za miguu, kesho yake lori linamwaga mchanga getini. Kibali hukumbukwa ukuta ukiwa umefika lenta, siku mtu wa ukaguzi anapopita na kuacha alama ya X nyekundu.

Familia moja ya Kilakala, chini kabisa ya milima ya Uluguru, ilikuwa karibu kuingia katika mtindo huo. Sababu yao ilikuwa bibi. Alikuwa akiishi peke yake Mgeta, huko juu ambako maisha yake yote amelima kabichi na njegere kwenye miteremko. Masika moja aliteleza shambani, akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali, watoto wake walikubaliana kwamba hawezi tena kuishi mlimani. Akateremshwa mjini kwa mwanawe wa kwanza.

Nyumba ya mjini ilikuwa na vyumba viwili tu vya kulala. Baba na mama kimoja, mabinti wawili kingine, mvulana analala sebuleni. Baba akapata wazo la haraka. Nyuma ya nyumba kuna uchochoro wa mita mbili kati ya ukuta wa nyumba na fensi. Ukuta wa huku upo, wa kule upo, kinachobaki ni kuziba ncha mbili na kupiga bati. Fundi alisema ni kazi ya wiki moja.

Mkewe alikataa. Anauza nafaka sokoni, na amewahi kuona banda la jirani likibomolewa mbele ya watoto. Alitaka kibali kwanza. Mume alimjibu kwamba chumba kimoja si ghorofa. Walinuniana siku kadhaa. Mwisho mke ndiye aliyeshinda, kwa sababu fedha za tofali zilikuwa za kikoba chake.

Alikuwa sahihi. Ndani ya eneo la manispaa, kuongeza chumba, kuvunja ukuta na kubadili mpangilio wa nyumba ni uendelezaji unaohitaji kibali, sawa na kujenga nyumba mpya. Hata mtu anayetaka kugeuza nyumba ya kuishi kuwa duka au hosteli ana utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Siku hizi maombi ya kibali cha ujenzi hupitia mfumo wa TAUSI kwenye simu au kompyuta. Mwombaji huambatisha michoro ya jengo, uthibitisho wa umiliki wa kiwanja na risiti ya pango la ardhi.

Hapo kwenye risiti ndipo baba alipokwama mara ya kwanza. Aliamini amelipa kila kitu, kwa kuwa kila akinunua umeme hukatwa. Lakini kinachokatwa kwenye LUKU, tangu mwaka 2021, ni kodi ya jengo. Pango la ardhi ni malipo mengine, yana namba yake ya malipo, na deni lilikuwa limelala miaka mingi. Wakalipa.

Kukwama kwa pili kulikuwa kuzito zaidi. Hati ilitolewa sandukuni, ikafunguliwa mezani. Jina lililoandikwa lilikuwa la babu. Babu alishafariki, na marehemu haombi kibali. Anayeweza kuomba kwa niaba yake ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na katika familia ile mirathi haikuwahi kufunguliwa. Walipomaliza matanga, kila mtu alirudi kwake. Mtoto wa kwanza alibaki kwenye nyumba, akapaka rangi, akabadilisha bati, akajenga fensi. Hakuna aliyeuliza kitu, naye taratibu akazoea kusema “nyumba yangu”.

Ikabidi kikao kiitwe. Dada akapanda basi kutoka Ifakara, mdogo wao wa mwisho akaja kutoka Dodoma, na mjomba akashuka na gari la mboga kutoka Mgeta. Kwa Waluguru ukoo hufuatwa kwa mama, na mashamba mengi ya mlimani ni ya ukoo wa mama. Kwa hiyo kuhusu shamba la Mgeta hapakuwa na swali: bibi yuko kwao. Swali lilikuwa la nyumba ya mjini, yenye hati ya serikali na jina la mume aliyefariki.

Dada ndiye aliyeliuliza. Katika nyumba hii, mama ana nafasi gani?

Kaka alieleza gharama zake zote, kuanzia rangi hadi fensi. Alipomaliza, bibi alizungumza kidogo. Alisema kiwanja kilinunuliwa msimu ambao kabichi zilipata bei, na kwamba kabichi hizo alizibeba yeye kichwani hadi barabarani. Hakuongeza neno. Mkwewe alisimama akaenda kupika chai, kwa sababu alikuwa ameelewa jambo ambalo wengine walikuwa bado wanalihesabu. Mtu waliyekuwa wanamtafutia mahali uchochoroni alikuwa na haki katika nyumba nzima.

Kikao kilimpendekeza mtoto wa kwanza awe msimamizi, muhtasari ukaandikwa na wote wakatia saini. Mjomba aliomba sentensi moja ithibitishwe mbele ya watu: msimamizi si mmiliki. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawa kwa warithi, kisha kutoa hesabu mahakamani. Familia nyingi hukosana hapo, kwa sababu mtu akishapata barua ya mahakama huanza kujiona amepewa nyumba. Muhtasari na cheti cha kifo vikapelekwa Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, na muda wake ulipokwisha bila pingamizi, uteuzi ukathibitishwa.

Miezi hiyo haikuwa rahisi. Bibi alilala chumba cha mabinti, na mabinti wakahamia sebuleni na kaka yao. Usiku bibi alikohoa, kifua cha mtu aliyepika kwa kuni maisha yake yote. Baba aliwahi kusema kwamba kama wangemsikiliza fundi, mama yake angekuwa na chumba tangu mwezi wa kwanza.

Lakini mchoro wa uchochoro ulipopelekwa, haukupita. Watu wengi hudhani kibali ni kazi ya mhandisi na afisa mipango miji peke yao. Afisa afya naye huupitia, na maswali yake ni ya nyumbani kabisa: hewa itaingia wapi, itatokea wapi, maji taka yanakwenda wapi, choo kiko umbali gani? Chumba kile kingeziba dirisha pekee la mabinti, na chenyewe kingebaki na mlango bila dirisha. Tanzania bado ni miongoni mwa nchi zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Ugonjwa huo huambukizwa kwa hewa, na chumba kilichofungwa chenye watu wengi huurahisishia njia. Nimonia ya watoto wadogo nayo inajua nyumba zenye msongamano na moshi. Nesi akikuambia ufungue madirisha, kwanza lazima madirisha yawepo.

Uchochoro ule pia ulikuwa njia ya maji. Kilakala iko miguuni pa mlima, na masika maji hushuka na mawe na matope. Ukiyazibia njia nyuma ya nyumba, yatajitafutia nyingine, na mara nyingi hupita kwenye msingi wako au wa jirani. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaojisogeza kwenye kingo za Mto Morogoro. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, na mchoro wa kiwanja huonyesha jambo hilo kabla saruji haijanunuliwa.

Mchoraji aliwapa ramani nyingine. Sebule ilikuwa kubwa, ina madirisha mawili mapana, na choo kiko hatua chache. Igawanywe. Upande wa barabarani uwe chumba cha bibi, mlango wa choo upanuliwe apite na gongo lake, ngazi ya mbele iwe mteremko. Baba aliuliza wageni watakaa wapi. Mkewe akajibu kwamba wageni huja Jumapili, mama yupo kila siku. Mchoro huo ulipita, na ulitumia tofali chache kuliko ule wa kwanza.

Sasa bibi anaona barabara akiwa kitandani, na mabinti wamerudi kwenye chumba chao chenye dirisha lao. Mvulana bado analala kwenye kilichobaki cha sebule. Mgawo wa nyumba haujakamilika, dada hajakubali hesabu za kaka yake kuhusu fensi, na pengine hilo litahitaji kikao kingine. Tofauti ni kwamba sasa wanazungumza mama yao akiwa hai na akiwa amekaa kati yao.

Mzazi anayefikiria kuongeza chumba mwaka huu anaweza kuanza kabla ya kununua tofali. Atoe hati, barua ya toleo au leseni ya makazi, asome jina lililoandikwa. Kama ni la aliyefariki, aite ndugu kwanza, fundi baadaye. Aangalie deni la pango la ardhi. Kisha asimame kwenye kila chumba ambacho mtoto analala, na auhesabu ujenzi mpya kwa madirisha utakayoyafunga.