Kibali cha mwekezaji kinasubiri, mtoto hasubiri

Katika kata ya Ikinga, wilayani Ileje, mama mmoja wa watoto watatu aliishi karibu mwaka mzima kwa maneno mawili: mwezi ujao. Mwezi ujao baba atapata kibali. Mwezi ujao tunahamia Zambia.

Mumewe ni mfanyabiashara wa nafaka mjini Tunduma. Pamoja na ndugu zake alichanga mtaji ili waingie ubia katika kampuni ya kusaga unga Kasama, kaskazini mwa Zambia. Kwa safari za kawaida za biashara, Zambia humruhusu mgeni siku 30 tu ndani ya mwaka. Anayetaka kukaa na kuendesha mradi huomba kibali cha mwekezaji, na mtaji unaotakiwa si wa mchezo: dola 250,000 kwa anayeanzisha kampuni mpya, au dola 150,000 kwa anayejiunga na kampuni iliyopo.

Maombi yakapelekwa. Ikaombwa hati nyingine, kisha nyingine. Kila alipopiga simu nyumbani, baba alisema: "Mama watoto, vumilia, karatasi zinakaribia."

Mama akavumilia, na nyumba nzima ikasimama. Binti wa miaka sita hakuandikishwa darasa la kwanza, kwa sababu angeanzia Kasama na sare mbili zingekuwa hasara. Shamba la maharage halikulimwa, maana nani angevuna? Mtoto wa mwisho alipotimiza miezi tisa, chanjo ya surua na rubela ikaahirishwa. Mama aliona ni heri aanze na kadi mpya huko huko.

Mtoto alikuwa amefikisha miezi 11 alipopelekwa zahanati kwa kikohozi. Muuguzi alifungua kadi, akaona nafasi iliyo wazi, akauliza sababu. Mama akaeleza habari ya kibali. "Mama, surua haiulizi kibali," muuguzi alisema, na mtoto akachanjwa siku hiyo hiyo.

Jioni ile mama alimpigia mumewe. Hawakugombana. Alimwambia tu kwamba karatasi zina kalenda yake na watoto wana yao, na kalenda ya watoto hairudi nyuma. Baba alinyamaza kidogo, kisha akatuma fedha za sare. Binti aliingia darasani akiwa amechelewa wiki kadhaa.

Jambo hili si la Ileje peke yake. Marekani ina viza ya mwekezaji tangu mwaka 1990. Kwa sheria ya Machi 2022, mwombaji huwekeza dola 800,000 katika maeneo ya vijijini au yenye ukosefu mkubwa wa ajira, au dola 1,050,000 kwingineko, na mradi wake lazima uzalishe ajira 10. Mwenzi wake na watoto walio chini ya miaka 21 hujumuishwa. Shida ni kwamba ombi laweza kukaa miaka, hasa kwa raia wa nchi zenye waombaji wengi kama China. Mtoto aliyeingizwa kwenye fomu akiwa shuleni anaweza kuvuka umri huo kabla ya jibu.

Ndiyo maana mwaka 2002 Marekani ilitunga sheria ya kulinda hadhi ya watoto. Siku ambazo ombi la mzazi lilikaa likichunguzwa hupunguzwa kwenye umri wa mtoto viza inapopatikana. Hata hivyo siku za kungoja nafasi ya viza, baada ya ombi kukubaliwa, hazipunguzwi. Kwa hiyo sheria inaweza kurudisha nyuma umri wa kwenye karatasi. Umri wa kuchanjwa na umri wa kujifunza kusoma hakuna sheria inayoweza kuurudisha.

Tena, sheria zenyewe hubadilika wakati mtu anasubiri. Julai 2025 Tanzania ilizuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo kutengeneza simu na huduma za kutuma na kutoa fedha kwa simu. Familia ya kigeni iliyokuwa imepanga maisha yake yote juu ya biashara hiyo moja ililazimika kupanga upya.

Kwa familia ya Ikinga, kibali kilitoka baadaye. Walihama wakati wa likizo ya Desemba, binti akiwa na barua ya uhamisho na mdogo wake akiwa na kadi iliyojaa. Chanjo hazikuanza upya, kwani chanjo iliyotolewa Ileje ni chanjo hata Kasama. Sare ya zamani alirithi binamu.

Mzazi, kama nyumbani kwako kuna kibali, viza au uhamisho unaosubiriwa, shika mambo haya machache. Mtoto apate chanjo kwa tarehe zake, ya surua na rubela ikiwa miezi tisa na miezi 18, popote mlipo. Kama tarehe imepita, usione haya kwenda kliniki. Mwandikishe shule iliyo karibu, kwani uhamisho ni rahisi kuliko mwaka uliopotea. Tunza kadi ya kliniki na cheti cha kuzaliwa, na upige picha nakala zake kwa simu. Usiuze shamba wala kufunga biashara kwa ahadi ya dalali anayekutajia tarehe ya kibali. Na mtoto akiuliza mnahama lini, mwambie kweli kwamba bado haijulikani, na kesho anakwenda shule.