Mwaka wa Lipumba, Mwaka wa Mgawo

Mwaka 1983 duka la kijiji chetu cha Kidahwe lilikuwa na kufuli, karatasi ya bei ukutani na rafu tupu. Bei ya sabuni iliandikwa. Sabuni yenyewe haikuwepo. Ikifika ilitolewa kwa mgawo, na jina la kaya yenu likirukwa, basi tena. Mama alituchemshia sabuni ya mawese na magadi, nyeusi, yenye harufu iliyoganda kwenye sare mpaka kesho yake. Msako wa wahujumu uchumi ulipoanza, mwenye katoni ya sabuni uvunguni hakupata usingizi.

Mwaka huohuo Ibrahim Lipumba, mtoto wa Ilolangulu, Tabora, alihitimu udaktari wa uchumi Stanford, Marekani. Angeweza kubaki huko. Alikuja kufundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati ambao hata chaki ilikuwa ya kutafuta.

Nilipofika Mlimani kusoma uchumi, miaka michache baadaye, Idara ya Uchumi ilikuwa inachemka. Mwaka 1984 Lipumba na wachumi wenzake, Msambichaka na Wangwe, walikuwa wamehariri kitabu kuhusu sera za kuutuliza uchumi wetu. Benno Ndulu, msomi wa Northwestern, naye alikuwa upande wa mageuzi. Hoja iliyonishika ni ya thamani ya shilingi. Mwaka 1985 dola moja ilihesabiwa rasmi shilingi 17 hivi, kwa hiyo kahawa ya mkulima wa Kasulu, hata ikiuzwa vizuri Ulaya, ilimrudia kama vijisenti. Kisha shilingi ikashushwa thamani, na katikati ya 1986 dola ilifika kama shilingi 40. Wapo waliowaita wasomi hao vibaraka wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Sikukubali hata siku moja. Aliyepanga foleni ya sabuni hasubiri Washington imweleze kwamba bei ya kwenye karatasi ni ya uongo.

Kati ya 1991 na 1993 Lipumba alikuwa mshauri wa uchumi wa Rais Mwinyi. Alifundisha Williams College, Marekani, akafanya utafiti Helsinki. Tangu alipogombea urais mwaka 1995, vijana wanamjua kwa chama cha CUF tu, na hilo linaniuma, maana kazi yake nzito aliifanya ubaoni, wakati kutetea soko kulimgharimu mtu marafiki.

Ruksa ya Mwinyi, yaani kufunguliwa kwa biashara, ilipokolea, Kidahwe palijaa khanga, betri na sabuni za kila rangi. Nilifurahi, na mpaka leo siutamani mgawo. Ila mabishano yetu ya darasani yalikuwa ya bei na shilingi. Suala la barabara tulilipita haraka mno. Njia za Kasulu na Uvinza zinaachana pale kwetu, na masika ya miaka ya tisini zote mbili zilikuwa tope. Wanawake walishusha madebe ya mawese njia panda wakayauza kwa bei aliyoitaja mwenye lori, kwa sababu lori lililofika lilikuwa moja.