Programu ya Kizee Isikufanye Ucheke

Wasee, niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa. Kilichobaki kwa laptopu yangu ni faili moja ya Fortran, ya kupiga hesabu za mvua kwa mashamba ya chai ya Nyamira. Fortran ilitoka 1957, so mabeste walinicheka: "Andika upya kwa Python!" Nikaandika. Ikawa polepole kama matatu ikingoja kujaa pale Keroka.

Ndio nikapata f2py, iko ndani ya NumPy. Inasoma faili ya Fortran, inaandika daraja la C, halafu inakompaili moduli ambayo Python inaita kama yake. Amri ni moja tu:

f2py -c -m mvua mvua.f90

Ikakataa. Kumbe Python 3.12 ilitoa distutils, siku hizi f2py inajenga kwa Meson, na mimi sikuwa nayo. Nikaiweka. Stima ikapotea mara mbili. Saa tisa usiku ikakubali.

Mathe, ambaye huchuma chai, akaniuliza, "Sasa hiyo itakupa kazi, baba?"

Bado sijui. Lakini ile hesabu ya chuo, leo inatembea bila chuo. Wewe uliacha nini katikati?