Kigae Kilichobeba Moto

Mwaka wa kwanza wa kustaafu kwangu nilitundika rafu jikoni kwa mikono yangu mwenyewe, nikitaka kumwonyesha mke wangu kwamba mwalimu wa Kiswahili si mtu wa chaki tu. Rafu ile ilidumu siku 9. Usiku wa kumi ilianguka pamoja na sahani 11 za kauri alizoachiwa na marehemu mama yake, nyeupe zenye maua ya buluu, ambazo tulizitumia siku za Idi tu.

Asubuhi nilishika ufagio nikasema, kwa sauti ya mtu anayetaka jambo liishe upesi, "Ngoja niziondoe takataka hizi." Mke wangu, mzaliwa wa Bagamoyo, alinitazama kitambo. "Mwalimu, hivyo ni vigae. Usivitupe." Kisha hakusema nami hadi magharibi.

Huzuni yake ilinichoma. Lakini, naona haya kukiri, neno lake nalo lilinichoma. Mimi ni mtu wa bara. Kiswahili nilikipata shuleni na kukinoa katika chuo cha ualimu, na kwangu kigae kilikuwa kile cha kuezekea paa au kutandaza sakafuni, basi. Nilifungua kamusi, nikakuta maana zote mbili: kigae cha fundi, na kigae kilicho kipande cha chungu au chombo kilichovunjika.

Hapo nikamkumbuka binti mmoja wa kidato cha pili. Aliandika katika insha kwamba bibi yake alikwenda kwa jirani kuomba moto, akarudi na makaa juu ya kigae. Nilipiga mstari mwekundu, nikaandika pembeni: "Kigae hakibebi moto." Alikuja mezani kwangu kunieleza. Nikamwambia akasome zaidi. Miaka mingi imepita, na wa kusoma zaidi nilikuwa mimi.

Nikaamua kuvirudisha vigae vile ukutani. Nilichagua ukuta wa uani unaotazamana na mlango wa jikoni, sehemu ya mita 2 kwa mita 1. Niliuchokoachokoa kwa tindo ili saruji ipate pa kushika, nikaulowesha maji. Sahani hazikutosha, hivyo fundi jirani akanipa vipande vya marumaru alivyobakiza kazini. Nilipaka saruji eneo dogo dogo, maana jua letu halisubiri mtu mzee. Kigae cha sahani kina mbonyeo, kwa hiyo hutaka saruji nene kuliko kile cha sakafuni, la sivyo hung'oka. Siku ya pili ya kila sehemu nilijaza mianya kwa saruji nyeupe, nikapangusa kwa sponji yenye maji.

Sikubuni jambo jipya. Wazee wa pwani walipachika mabakuli na sahani za kauri kutoka China katika makaburi yao ya mnara, kama yale ya Kunduchi na Mambrui. Huko Barcelona, Antoni Gaudí na wenzake walipamba bustani ya Park Güell kwa vipande vya vyombo na vigae. Wakatalani huita kazi hiyo trencadís, neno linalotokana na kitenzi cha kuvunja. Lugha yetu imekwenda mbali zaidi: kilichovunjika na kinachopamba vinaitwa kwa jina moja.

Wenzangu washairi watatabasamu kusikia kwamba nilipanga kwanza chini, kama apangaye vipande vya mshororo, nikitafuta ua lijibu ua kama kina kinavyojibu kina. Tofauti niliijua mapema. Katika shairi kuna inkisari na mazida. Ukutani kuna inkisari tu. Ukishakikata kigae kwa koleo, hakirefuki tena.

Kazi ilichukua wiki 6. Wiki ya tatu mke wangu alileta kigoda, akaketi, akaanza kunichagulia vipande. Hakunisamehe kwa maneno. Alisema tu, "Hilo ua umelipindua." Nami nililiacha hivyo hivyo, kwa kuwa saruji ilikwisha kushika.

Katikati ya buluu na nyeupe nimepachika kipande kimoja cha chungu cheusi chenye masizi. Wageni huuliza kwa nini nimeharibu nakshi. Nawaambia ni cha mwanafunzi wangu, na kwamba kiliwahi kubeba moto. Sijui yuko wapi leo, wala kama angali anaandika.

Nanyi walimu mnaosoma hapa, mwanafunzi akileta neno msilolijua, kabla ya kushika kalamu nyekundu mwulizeni amelisikia kwa nani. Huenda atawajibu: kwa bibi.