Picha Kabla ya Kisu

Kipimo cha mpira wenye kamera kilikwisha onyesha saratani katika mfuko wa chakula wa mama mkwe wetu. Sisi wakaza wana wake wa Tanga tukauliza: picha ya CT ya nini tena? Daktari akatueleza: kamera huona uvimbe kwa ndani, CT huonyesha kama umesambaa hadi kwenye tezi, ini au mapafu. Usiposambaa, upasuaji waweza kuuondoa. Ukifika mbali, mgonjwa asipasuliwe bure. Dawa ndizo hutangulia. Ila chembe ndogo kwenye utando wa tumbo CT yaweza kuzikosa.

Tukauza mbuzi, tukampeleka. Ini lilikuwa safi. Akina mama wenzetu, tuulize picha imeonyesha nini, kisha tuamue pamoja na mgonjwa mwenyewe.