Mji Mkongwe kwa Masikio

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, macho hayafiki mbali. Kuta ndefu za mawe ya matumbawe zimesogeleana, na hujatembea sana njia imekwisha kupinda. Hapo masikio ndiyo yanayoongoza. Wahenga walisema sikio halilali njaa. Sijaona mji unaolilisha vizuri kama huu.

Muuza kahawa nilimsikia kabla sijamwona. Vikombe viligongana mkononi mwake, nami nikageuka kushoto bila kufikiri, naye akatokea kushoto. Jambo dogo, lakini lilinisimamisha. Mlio uliwahi sikio la kushoto, ukachelewa la kulia kwa muda usiofika hata elfu moja ya sekunde, na ubongo ukaling'amua pengo hilo. Tena mlio huohuo ulikuwa ukigonga kuta na kunirudia kutoka kila upande. Ubongo huuamini mlio uliotangulia, na miangwi inayoufuata papo hapo huikusanya iwe kitu kimoja nao. Pasipo hivyo, ningemtafuta mzee wa watu ndani ya ukuta.

Nilikaa naye barazani, Jaws Corner, kahawa chungu na kashata mkononi. Kengele ya baiskeli ikalia, na kutoka bandarini ikaja honi ya boti. Nyuma ya kiwambo cha sikio viko vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku. Na nyuma yavyo koklea, kimfereji cha majimaji kilichojikunja kama konokono, mizunguko miwili na nusu hivi. Ukikikunjua hupata kama sentimita tatu na nusu tu. Mlio mwembamba wa kengele hutikisa sehemu ya mlangoni. Honi nzito husafiri hadi kileleni. Kila sauti ina baraza yake. Ndani ya koklea, seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo huupokea mtikisiko, na habari zake hupanda kwenye neva hadi ubongoni.

Usiku, kwenye bustani ya Forodhani, wachoma mishikaki wananadi, watoto wanajirusha baharini, na bado nilimsikia vizuri mwenyeji wangu akininong'oneza habari za Ikhwani Safaa, klabu ya taarab iliyoanzishwa 1905. Ubongo huchagua wa kumsikiliza. Baadaye tulipita chini ya dirisha ambamo mtu alikuwa akipiga kanuni, ala ya nyuzi, sauti zake zikiteremka kwa hatua ndogo kuliko nusu sauti. Tulisimama mpaka alipomaliza. Hakuna aliyesema neno.

Seli zile za vinyweleo zikifa kwa makelele, kwa binadamu hazioti tena. Basi ukifika Unguja, viache visikizi vyako chumbani. Toka alfajiri, pikipiki hazijaamka, keti kwenye baraza yoyote, usikilize mji ukifungua milango.