Kishindo Ndani ya Kaseti

Je, wazee wetu waliimba kanisani kwa ngoma au bila ngoma? Kwetu wanakwaya wa Tabora swali hili si dogo. Sehemu nyingi wamisionari wa kwanza waliikataza ngoma, na hata leo wapo wapendwa wanaonyanyuka na kutoka nje inapopigwa ibadani. Lakini sisi ni wajukuu wa wapagazi, watu waliobeba mizigo hadi Bagamoyo huku wakiimba.

Ushahidi tulionao ni kaseti moja ya nyimbo za Kinyamwezi, sauti yake hafifu. Ili tuisikilize vizuri, mafundi wetu vijana waliunda amplifaya ndogo ya hedifoni kwa vali, yaani zile taa za kioo zilizokuwamo ndani ya redio za zamani. Ilipowashwa tukasikia kishindo: du, du, du. Wapenzi wa ngoma wakashangilia. Mwenzetu mmoja akainuka kutembea chumbani, na kishindo kikafuata miguu yake. Treni ya mizigo ilipopita, kwenye reli ile iliyofika mjini kwetu mwaka 1912, hedifoni zikavuma kama kengele.

Ndani ya vali mna wavu wa nyaya nyembamba sana, uliokaa karibu mno na sehemu inayopata moto na kutoa elektroni. Vali ikitikiswa, wavu hutetemeka, mkondo wa umeme hubadilika, na badiliko hilo hukuzwa pamoja na wimbo. Vali ya kwanza ndiyo ya kuangaliwa zaidi, kwa kuwa kelele yake hukuzwa na zote zinazoifuata.

Vijana walizima umeme na kuuacha uishe kabisa, maana ndani mna volti za kuua. Walikuwa wamekwisha kugonga kila vali taratibu kwa kifutio cha penseli. Iliyolia sana wakaihamishia nyuma, iliyo tulivu ikakaa mbele. Soketi wakaining'iniza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ambayo mji wetu haukosi. Nyaya ngumu wakazibadilisha kwa laini, kwani waya mgumu hupitisha mtikisiko ambao mpira umeuzuia. Kioo chenyewe hawakukivisha mpira. Kioo kile hupata moto, na harufu ya tyubu inayoungua si uvumba.

Tukasikiliza tena. Vishindo vya miguu yetu vimekwisha. Kimoja kimebaki, cha chini sana. Tukarudisha kanda mara tatu, nacho kikatokea mahali palepale, pamoja na wimbo. Basi hicho kilikuwa cha kwenye kanda. Mtoto Samweli naye aliisikia sauti kweli, ila asijue inatoka kwa nani, hadi mzee Eli alipomwelekeza.

Tukampelekea bibi mmoja aliyeimba katika kaseti hiyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu."

Akavaa hedifoni, akafumba macho.

"Hiyo si ngoma," akasema. "Ngoma tulikatazwa. Hiyo ni miguu yetu. Miguu hakuna aliyetukataza."

Akaomba tuanze upya. Kabla ubeti haujaisha kisigino chake kilikuwa kinagonga sakafu, na mafundi wetu wakawa wanaitazama meza kwa wasiwasi.